Ruth Aliyezihifadhi Nyimbo za Ann

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Luka 2:19: “Bali Mariamu akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake.”

Ann Griffiths, mtunzi wa nyimbo za Kikristo, alizaliwa mwaka 1776 katika shamba la Dolwar Fach, huko Wales. Ujanani alipenda sana kucheza dansi. Mwaka 1796 mahubiri aliyoyasikia mjini Llanfyllin yakamchoma moyo, na baadaye akajiunga na Wamethodisti. Akawa anavuka milima ya Berwyn kwa miguu hadi Bala, kushiriki Meza ya Bwana kwa mchungaji Thomas Charles. Aliolewa Oktoba 1804. Agosti 1805 akafariki akiwa na miaka 29, muda mfupi baada ya kumzika bintiye mchanga.

Hakuacha kitabu. Kati ya nyimbo alizozitunga kwa Kiwelisi, ni ubeti mmoja tu uliobaki kwa mwandiko wake mwenyewe, tena ndani ya barua kwa rafiki. Beti nyingine, zaidi ya 70, zilikuwa kichwani mwa Ruth Evans, msichana wa kazi pale nyumbani. Ann alikuwa akimsomea, naye Ruth akizishika kwa moyo. Kuandika hakujua. Msiba ulipopita, Ruth alimtajia mume wake mwenyewe, mhubiri John Hughes, ubeti baada ya ubeti, naye akaziandika. Mwaka 1806 zikachapishwa.

Na ni nyimbo za namna gani! Katika mmoja Ann anastaajabu, na malaika nao wanastaajabu, kwamba aliyewapa wote uhai amelazwa horini, huku majeshi ya mbinguni yakimwabudu mtoto huyo. Katika mwingine anamwona Kristo amesimama kati ya miti ya mihadasi, kama Zekaria 1:8, na anakiri kwamba anamjua kwa sehemu tu. Wawelisi wanauimba hadi leo. Mimi humfikiria Ruth jikoni, mikono ikiwa kazini, akirudiarudia beti hizo kimoyomoyo asizipoteze. Hakuna aliyemtuma. Alizipenda tu.

Wapendwa, kwenye kusanyiko letu wapo mama zetu wanaojua nyimbo zisizo kwenye kitabu chochote. Jumapili hii, baada ya ibada, mkae na mmoja wao. Mwombeni aimbe taratibu, muandike beti zote, na jina lake mliweke juu ya ukurasa.