Kiitaliano kimeniteka

Ndugu zangu wa Bukavu, nakipenda Kiitaliano, na sioni haya kusema. Tumesoma shuleni kwa Kifaransa, chenye herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa. Kiitaliano kinasomwa karibu kama kilivyoandikwa, na maneno yake mengi yanaishia kwa irabu, kama yetu. Jioni umeme ukiwepo nasikiliza redio ya Italia kwa simu, narudia kwa sauti mpaka majirani hapa Kadutu wanazoea.

Kilichonimaliza kabisa ni vitenzi. Parlo, parli, parla: mtendaji amo ndani ya kitenzi, hahitaji kutajwa pembeni. Sisi tunamweka mwanzoni, ninasema, unasema, anasema. Wao wanamweka mwishoni. Nilipoliona hilo nilisimama nikacheka kwa furaha!

Konsonanti mbilimbili, yaani zile zinazoandikwa mara mbili na kutamkwa kwa kuvuta, bado zinataka mazoezi.

Na lugha hii ilitoka katika mazungumzo ya watu wa Firenze, mji wa Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1300 Dante, mshairi wa mji huo, aliitumia kuandika mashairi makubwa badala ya Kilatini. Jambo hilo linanigusa, mimi niliyekulia Kiswahili cha sokoni.

Anayejifunza pale Ibanda au Bagira aniandikie, tuwe tunaongea Jumamosi.