Niandike Kosa Gani?

Askari wa zamu alikuwa na daftari la mahabusu mbele yake. Jina langu alishaandika, umri, kijiji. Alipofika kwenye safu ya kosa, kalamu ikasimama. Akamgeukia mwenzake aliyenileta: "Sasa hapa niandike kosa gani?"

"Andika amri ya Mkuu wa Wilaya."

Akaandika hivyohivyo. Nikavua mkanda na viatu, nikaingizwa ndani.

Ilikuwa 2014, mwaka wa maabara. Kila sekondari ya kata nchini ilitakiwa iwe na maabara kabla mwaka haujaisha, na agizo lilipofika kijijini kwetu lilikuwa limeshageuka mchango wa lazima kwa kila kaya. Mimi maabara nilizitaka kuliko wengi pale. Kemia niliisoma kwa michoro ya ubaoni mpaka nikamaliza kidato cha nne. Lakini kulikuwa na mchango mwingine kabla ya huo, tulitoa, na robo tatu za mwaka zilikuwa zimepita hatujasomewa mapato na matumizi.

Kwa hiyo siku ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, Mkuu wa Wilaya alipomaliza kuhutubia na mwenyekiti akauliza kama kuna swali, nilinyoosha mkono. Nilikuwa na miaka 24.

"Mheshimiwa, maabara tunazihitaji. Ila naomba kwanza tusomewe taarifa ya mchango uliopita."

Watu wakapiga makofi. Nadhani makofi ndiyo yaliyoniponza, kwa sababu mpaka hapo uso wake ulikuwa wa kawaida.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, Mheshimiwa. Mimi ni mwanakijiji."

"Unapinga maendeleo. Afande, mchukueni huyu. Akalale ndani saa 48, akili imkae sawa."

Mgambo aliyenishika mkono nilicheza naye mpira tangu utotoni. Alinishika taratibu, na hakuniangalia usoni. Makofi yalikwishakatika. Watu zaidi ya mia wamekaa chini ya mti, na nilisikia viatu vyangu mwenyewe vikikanyaga changarawe kuelekea kwenye gari.

Mahabusu tulikuwa tisa kwenye chumba cha kulala watu wanne. Usiku wa kwanza sikulala. Haikuwa mbu wala harufu ya ndoo ya pembeni. Nilikuwa nalirudia swali langu, neno kwa neno, nikitafuta mahali nilipotukana. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli nilikosa adabu, kwamba pengine ningelisema kwa sauti ya chini zaidi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kile chumba.

Siku ya tatu asubuhi nikaambiwa nivae viatu niende. Hakimu sikumwona. Karatasi sikupewa.

Miezi kadhaa baadaye, msaidizi wa kisheria alinisomea Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 15. Mkuu wa Wilaya anayo kweli mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe. Lakini lazima mtu huyo awe anashukiwa kwa kosa la kumfikisha mahakamani, au awe anaelekea kuvunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe. Zile saa 48 ni ukomo wa kumfikisha mtu mbele ya hakimu, vinginevyo aachiwe. Nilimwomba asome tena. Miaka yote nilizisikia saa 48 zikitajwa majukwaani kama adhabu, kama viboko vya mwalimu mkuu, nami niliamini ni adhabu. Kumbe kiongozi alikuwa amechukua kizuizi alichowekewa yeye, akakigeuza fimbo ya kuwachapia watu. Na Katiba ile ile anayoapa kuilinda, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake.

Mkutano uliofuata niliingia nimechelewa, nikakaa nyuma kabisa. Mtendaji akasoma muhtasari wa mkutano uliopita: waliohudhuria, hotuba ya mgeni rasmi, mchango wa maabara umepitishwa, mkutano ukafungwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Vichwa vikainama. Mikono yangu ilikuwa katikati ya magoti, na naikumbuka aibu ya kuiacha ikae palepale.

Kisha bibi mmoja, jirani yetu, akajishika kwenye fimbo yake akasimama. Hakungoja aruhusiwe.

"Mtendaji, huyu mjukuu wangu aliuliza swali hapa, mbele yetu sote. Mbona kwenye makaratasi yako halimo?"

Mtendaji akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama meza.

"Liandike," bibi akasema. "Nasubiri."

Alibaki amesimama mpaka mtendaji alipotoa kalamu mfukoni.