Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa boti, Ziwa Minnetonka

Saa 11 alfajiri

Jumamosi ya mwezi wa sita hapa Minnesota haina usingizi. Nafika Grays Bay, upande wa mashariki wa Ziwa Minnetonka, na tayari pikapu zenye trela zimepanga foleni hadi barabarani. Leo kuna mashindano ya uvuvi, kila mtu anataka awe wa kwanza majini, na mimi ndiye nimesimama kati yake na maji. Natoa tochi, tableti, fulana ya kung'aa na kioo cha mpini mrefu. Hicho kioo ndicho kinachoniokoa mgongo, kwa sababu nakipitisha chini ya boti badala ya kulala kwenye lami.

Kazi yangu ni kuzuia boti zisibebe viumbe na mimea vamizi kutoka ziwa moja hadi jingine. Nimeajiriwa na kampuni yenye kandarasi, lakini mafunzo na kibali nimepewa na Idara ya Maliasili ya jimbo. Uwezo wangu una mpaka: naweza kuizuia boti isiingie majini, ila faini siandiki. Hiyo ni kazi ya askari wa maliasili.

Saa 12 asubuhi

Boti hii mara ya mwisho ilikuwa ziwa gani? Lini? Imekaa nje siku ngapi? Nikishajibiwa nazunguka. Kwanza kizibo cha tundu la nyuma, ambacho kisheria kinatakiwa kiwe kimetolewa muda wote boti ikiwa barabarani. Kisha ekseli ya trela, maana majani hupenda kujisokota pale. Kisha nanga na kamba yake, tangi la samaki hai, mguu wa injini. Mwisho napitisha vidole ubavuni. Natafuta kome wa pundamilia (zebra mussel), wanyama wa kigeni wenye gamba wanaonata kwenye boti. Wachanga ni wadogo mno kuonekana, lakini pale panapotakiwa kuwa laini unahisi msasa. Ukihisi msasa, boti haishuki.

Bwana mmoja ananiuliza swali ninaloulizwa kila wikendi: kome si wameshajaa humu tangu 2010, sasa mnalinda nini? Namwambia kwamba hapa tunakagua zaidi wanaotoka kuliko wanaoingia. Minnesota ina maziwa zaidi ya 11,000, na mengi bado ni safi. Tena kome si mgeni pekee. Mwaka 2015 katika Ziwa Koronis ulipatikana mwani ambao haukuwahi kuonekana jimboni. Unautambua kwa vijipunje vyeupe vyenye umbo la nyota, vidogo kuliko ukucha, vinavyojificha kwenye matope ya nanga. Kijipunje kimoja kikianguka majini kinaweza kuota. Namwomba bwana aoshe nanga yake. Anaguna, lakini anaiosha.

Saa 3 asubuhi

Foleni imeisha. Kwenye ukingo naona mzee amevaa kofia ya jua, ndoo mkononi, anaelekea majini. Nikisogea namsikia akiongea na simu kwa Kiswahili. Mzee wa Kisii. Wako wengi huku, na wengi wao wamejikuta wakivua samaki kwa ndoana kama walivyojikuta wakipiga koleo theluji, bila kuulizwa.

"Kijana, hata huku Majuu umepata kazi ya kusumbua watu?"

"Sisumbui, mzee wangu. Hao vidagaa unawapeleka wapi?"

"Wamebaki. Nawaachilia waende wakaishi."

"Wakiishi ndiyo shida, mzee."

Namweleza. Chambo kilichobaki hakirudishwi ziwani. Kinafungwa kwenye mfuko na kutupwa takatakani, kwa sababu vidagaa wa dukani, na maji waliyobebwa nayo, huweza kuwa na magonjwa ambayo samaki wa hapa hawayajui. Akitaka kubaki nao, amwage maji ya ziwa na kuwajazia maji aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

"Yaani samaki mzima nimtupe kwenye pipa? Mama yangu angenilaani."

Namwambia mimi nimekulia Homa Bay, nimeona gugumaji likifunga ufuo mpaka boti za baba zetu zikashindwa kutoka. Nalo, mzee, lilikuwa ua zuri, likapandwa na watu wasio na nia mbaya. Ananyamaza, halafu ananiuliza kama nina chupa ya maji ya bomba kwenye gari. Ninayo.

Saa 6 mchana

Chai, chapati baridi, kivuli cha dakika chache.

Saa 9 alasiri

Sasa wanatoka, na wanatoka na jua kichwani. Inakuja boti kubwa ya kutimua mawimbi, zile zenye matangi yanayojazwa maji ya ziwa ili zizame kidogo na kuacha wimbi la kuteleza juu yake. Hizi ndizo zinazoninyima raha. Hata mwenyewe apampu vipi, maji hubaki chini ya matangi, na kome jike mmoja huweza kutoa mayai mpaka milioni kwa mwaka. Vitoto vyake vinaelea, huvioni. Mwenye boti anasema usiku huu huu anaipeleka kwenye nyumba yake ya ziwani kaskazini.

Namwomba aingie kwenye mashine ya maji moto, ambayo leo tumeletewa. Jibu lake la kwanza: "Shilingi ngapi?" Yaani dola, lakini sauti ni ile ile ya nyumbani. Namwambia ni bure. Uso unalegea, anarudisha trela nyuma mwenyewe.

Ubavu unahitaji maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, kila mahali yaguse angalau sekunde 10. Matangini tunashuka hadi nyuzi 49 ili tusiharibu pampu, lakini tunakaa dakika 2. Mwenzangu anashika bomba, mimi nashika kipimajoto kwenye maji yanayotoka, kwa sababu kinachohesabika ni joto la mwisho, si la mwanzo.

Wapo wanaosema kila boti itozwe papo hapo. Wanatoa mfano wa Lake Tahoe, kati ya California na Nevada: ukaguzi wa lazima tangu 2008, ada inapanda kwa urefu wa boti, na boti ikitoka inafungwa lakiri ya waya hadi kwenye trela, kuonyesha haijaingia maji mengine. Ni kweli, na ninawapa heko. Lakini Tahoe ni ziwa moja, miteremko yake ya kushushia boti ni michache na ina mageti. Sisi tuna sehemu za umma za kushushia boti zaidi ya 1,500, nyingi hazina hata taa. Ukimtoza mwenye boti dola hapa, atashusha kule kusiko na mkaguzi. Afadhali ilivyo sasa: ada ndogo imekatwa tayari kwenye leseni ya boti ya miaka 3, na jimbo linazigawia kaunti fedha kwa kadiri ya miteremko na maegesho ya trela waliyo nayo. Ukifika hapa kuoshwa, fedha ilishatoka zamani na huna sababu ya kunikimbia.

Ila hiyo ada ningeiongeza. 

Saa 1 jioni

Zamu imeisha, jua bado lipo. Natuma taarifa za tableti, nafuta kioo, naacha wazi kibanda cha vifaa vya bure: brashi, koleo, kifyonza maji, vyote vimefungwa kwa waya visitembee. Watakaotoka usiku watajihudumia, wakitaka.

Jamaa mmoja anayefunga trela yake ananiona navua fulana. Anauliza, akitabasamu, kama sasa anaweza kuondoka na kizibo chake ndani. Namwonyesha gari la askari wa maliasili lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Anashuka, anakitoa.