Kwenda Chunyo kuitafuta njia ya misafara

Dodoma hadi Mpwapwa sina la kusimulia, ila Kosta ilishajaa mpaka mlangoni na konda bado anaita, "Siti zipo!"

Nilichofuata huko ni njia ya zamani ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, Bagamoyo hadi Ujiji, kilomita zipatazo 1,200. Tangu 2006 imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Mpwapwa ni mojawapo ya vituo vyake. Kwetu Bagamoyo kuna jengo la Caravanserai na kiingilio chake. Huku nilitafuta walau kibao, sikukiona.

Bodaboda akanitoza elfu ishirini hadi Chunyo, bei ya mgeni hiyo, akanishusha kwenye shamba la alizeti. "Njia yenyewe ndiyo hii." Babu mwenye shamba akaja na jembe begani. Nikamwamkia Kigogo, "Mbukwa," akafurahi, mpaka nilipotaja kuihifadhi njia.

"Mtaweka bikoni za mipaka?"

Nikasema sikutumwa na serikali. Hakuamini, akataka nifungue begi aone kama sina mashine ya kupimia. Akakuta chupa ya maji na chapati mbili. Moja tukagawana, ndipo akaniambia kuwa akisikia neno hifadhi huanza kwa kuhesabu ng'ombe wake.

Basi akaninyooshea kidole magharibi, pori la Marenga Mkali. Wapagazi walijaza vibuyu hapahapa Chunyo, maji ya chumvichumvi hivyohivyo, maana mbele yalikuwa makavu. Wakivuka salama, watemi wa Kigogo wanawasubiri: toa hongo, yaani ushuru wa kupita, vitambaa, shanga na waya, ndipo uchote kisimani. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipita 1871 akilalamika njia nzima. Babu hakumwonea huruma. "Kisima nichimbe mimi, wewe unywe bure?"

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, njia ikaanza kurudi kuwa mashamba. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, lakini boma au kaburi unaweza kulizungushia uzio. Njia ya miguu inayokatiza alizeti za watu utaizungushiaje? Marekani wana sheria ya njia za kitaifa tangu 1968, na Oregon Trail, njia ya zamani ya wahamiaji iliyoingizwa 1978, hupita hata kwenye ardhi za watu binafsi bila kuwahamisha. Nikamweleza babu hilo. Akafikiri kidogo, akatoa masharti: alama ziwekwe pembeni, alizeti zisiguswe, na kila mgeni atakayepita amlipe yeye, siyo ofisi ya Dodoma.

Mimi naona ana hoja. Bodaboda naye alikuwa na yake: elfu tano za kusubiri.