Nilivyompata wakili baada ya kuliwa na kishoka

Shemeji yangu ndiye aliyeanza kuniponza. "Shemeji, kesi ya viazi hii! Kiri, upigwe faini, urudi sokoni." Kosa nililosomewa ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungo chake kinaweza kufika miaka 7, na yeye anaongea kama vile ni ushuru wa soko la pale Uyole, Mbeya.

Mteja wa Dar alinitumia hela ya fuso moja ya viazi, milioni tatu na ushee. Mvua ikakata barabara, viazi vikaozea kwenye magunia, na wakulima nilishawalipa. Akaenda polisi. Dhamana niliipata, tuiache hiyo.

Sasa kishoka, yaani wakili feki. Nilimkuta nje ya mahakama, suti nyeusi, mkoba, kiatu kimechongoka. "Mama, hakimu tunafahamiana, hili tunalimaliza juu kwa juu." Nikamtumia laki na nusu kwenye simu, tena namba ikaja na jina la mwanamke. Eti karani wake. Na mimi huyu, ninayejua gunia la lumbesa, lile la kujaza kupita kiasi, lenye mawe katikati kwa kulinyanyua upande mmoja tu, sikushtuka!

Kesi ilipotajwa mara ya kwanza akasema yuko Mahakama Kuu, niombe tu ahirisho. Mara ya pili alikuja, akanisindikiza hadi mlangoni, akasimama hapo. "Tangulia mama, napokea simu." Hakimu akaniuliza kama nina wakili. "Ninaye mheshimiwa, yuko hapo nje anapokea simu." Mawakili wa benchi la mbele wakageuka wote kwa pamoja. Karani akatoka kumwita, akarudi peke yake. Kicheko kikapita chinichini. Nikajifunika kitenge hadi puani, nikasingizia baridi ya Juni.

Msaidizi wa kisheria wa kata yetu ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia wazi kwamba yeye mwenyewe haruhusiwi kusimama mahakamani kunitetea, ila wakili yeyote unamtafuta kwa jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Tukamtafuta yule bwana hapohapo kwenye simu. Hayumo. Hili ungelifanya kabla ya kutoa hela, si kama mimi.

Kwa hiyo safari hii nilichagua wakili kama ninavyochagua viazi, kwa kupasua nione ndani. Mahakama iko wazi kwa kila mtu, basi siku mbili nzima nilikaa benchi la nyuma nikisikiliza kesi za wenzangu. Kulikuwa na mmoja anaunguruma hadi madirisha yanatetemeka, hakimu akamwuliza, "Swali lako ni lipi, wakili?" Nikamfuta. Halafu akasimama dada mmoja mdogo, kesi ya wizi wa mbolea, anamhoji shahidi. "Mifuko uliihesabu?" Ndiyo. "Mingapi?" Kama arobaini. "Kama?" Akakaa. Basi! Nikamfuata koridoni.

Kabla ya hela aliuliza meseji zangu na mteja, na nilisaini nini polisi. Nilikuwa nimeshaanza kufuta zile meseji, shemeji alisema zitanifunga. Kumbe ndizo zilizonitetea: za mvua, za barabara, hata picha za viazi vilivyooza. Hakuniahidi kushinda. Alitaka milioni na kitu, kwa awamu, kila awamu risiti. Mwingine aliomba karibu nusu yake, lakini huyo mirathi anaijua, jinai alikuwa ananiuliza mimi.

Mlalamikaji alipopanda kizimbani, dada yule akamwuliza: "Msimu uliopita alikuletea viazi?" Alileta. "Mara ngapi?" Mara nne. Akakaa. Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi, hakimu akasema sina kesi ya kujibu, hilo ni deni, aende akadai kwa njia ya madai. Na deni ninalo kweli, namlipa kidogokidogo. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nilimwambia wakili wangu, akacheka tu.

Juzi Mwanjelwa nakutana na kishoka, suti ileile. "Mama viazi! Kesi yetu iliishaje?"

Kesi yetu! Nikamwambia iliisha vizuri, sasa nataka laki na nusu yangu. Akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akaanza kutembea.