Kumbukumbu ya mradi wangu: maneno ya herufi tano, sasa napanga kwa mkia

Orodha imefika mahali imeanza kunipa raha, wacha niandike kabla sijasahau. Kwa mwenye hajui, nakusanya maneno ya Kiingereza ya herufi tano tano, si nne si sita, halafu Jumamosi watoto wa ploti yetu hapa Kondele, Kisumu, wanayachezea kwa ubao. Gemu ni Wordle, ile jamaa anaitwa Josh Wardle alitengeneza na New York Times wakainunua 2022, lakini unajua ile ni neno moja kwa siku na kila mtu anapewa hilo hilo, sasa watoto wote hao na simu moja na neno moja hiyo ni vita. Kwa hivyo sisi ni chaki. Kijani herufi iko mahali pake, njano iko kwa neno lakini si hapo, nyeupe haiko kabisa, na una nafasi sita za kukisia neno lililofichwa.

Maneno natoa kwa kompyuta ya kazi, ile ya dukani ya kuprintia watu. Iko na Linux na ndani kuna faili ya maneno imekaa tu. Unaandika amri ya kutafuta, grep -x '.ight' na jina la hiyo faili, ile nukta ni ya herufi hujui, unabonyeza enta inamwaga yote, na haili bando hata kidogo. Shida ni takataka. Ukiomba nukta tano inakuletea mpaka dog's juu ile alama nayo inahesabiwa, na majina ya watu pia yanaingia, kwa hivyo badala ya nukta naweka [a-z] na inatulia. Baada ya hapo ni kuchuja kwa mkono, mtoto wa darasa la sita bight na dight za nini.

Kitu kikubwa nimebadilisha ni mpangilio. A mpaka Z ni ya dikshonari, mchezaji hakwami kwa herufi ya kwanza, anakwama kwa mkia, yaani zile herufi za mwisho. Chukua IGHT. Mtoto akipata hizo nne zote kijani anaanza kuruka ruka anajua amemaliza, kumbe hapo ndio shida inaanza: EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT. Nane, na amebakisha nafasi tatu. Mwenzake ako na herufi tatu tu, CHT mwisho, na huyo ndio ameshinda, juu kwa orodha yangu yote ni YACHT pekee inaishia hivyo (na Yacht Club iko hapo tu kando ya ziwa, kwa hivyo hata hawana kisingizio). Yaani kuwa na herufi nyingi si kuwa karibu. Ukubwa wa familia ndio mambo yote. Sasa kila kadi naandika juu mkia, halafu watoto wake wangapi.

Na nyuma ya kadi naandika neno la kuvunja hiyo familia. Ya IGHT ni FERNS. Haina hata nafasi ya kuwa jibu, lakini ndani iko na F, E, R, N na S, yaani unajaribu watano kwa mkupuo mmoja. Rangi isipotokea umebaki na LIGHT, MIGHT na TIGHT, hapo unatupa MELON na L ama M itajisema yenyewe, zikinyamaza zote mbili ni TIGHT. Nafasi ya nne, ya tano, ya sita unafunga. Kuna msichana mmoja hapa alinibishia sana, "Anko, sasa niandike neno najua si lenyewe, si hiyo ni kutupa nafasi?" Nikamwambia aendelee na njia yake basi. Alikisia FIGHT, akaja SIGHT, akaja RIGHT, jibu lilikuwa TIGHT. Sasa yeye ndio anafundisha wengine FERNS.

OUND ni ngumu zaidi. BOUND, FOUND, HOUND, MOUND, POUND, ROUND, SOUND, WOUND, vichwa vyote ni konsonanti, hakuna E ya kukusaidia, na neno la kawaida lazima liwe na irabu, kwa hivyo unabeba wanne tu kwa mara moja. Nimeweka MORPH halafu BEEFS, mwenye kubaki ni WOUND.

OUGH ni ndogo lakini ilileta kelele. COUGH ni kof, ROUGH na TOUGH ni raf na taf, DOUGH ni dou, BOUGH ni bau. Wakaniuliza hiyo gh ni ya nini basi. Zamani Waingereza waliitamka kabisa, kooni, karibu na kh ya Kiarabu, na Wajerumani wako nayo mpaka leo kwa Nacht (night) na acht (eight). Sauti ilipotea, kwingine ikageuka f, wino ukabaki. Sisi tuliozoea kuandika kile tunasikia lazima hii itusumbue.

Kuna mzee mteja huniambia herufi tano ni za watoto, nicheze Scrabble na maneno marefu. Namjibu na Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble, Perth, Australia, 2015, na Wanaijeria wanajulikana kwa kuweka neno fupi makusudi hata kama refu liko, ili wabaki na herufi nzuri na wamzibie mpinzani njia.

Wiki hii nimefunga ATCH. BATCH, CATCH, HATCH, LATCH, MATCH, PATCH, WATCH. BLIMP, lile puto kubwa la kuruka, linakula wanne: B, L, M, P. Wanabaki CATCH, HATCH na WATCH, na hapa nilikaa sana juu C na H tayari ziko kwa mkia, ukizijaribu zinapata rangi tu hata kama si kichwa. Neno la kuwavunja ni WHICH. W ikipata rangi ni WATCH. Isipopata, angalia H, ziko mbili: zote zikipata rangi ni HATCH, moja ikibaki nyeupe ni CATCH.