Impela ya alumini: chapa kiini, kalibu itengeneze kwa mchanga

Ukiwa na printa ya udongo hapa Nairobi, kazi inayostahili kuchapwa kwanza ni kiini cha impela ya pampu (gurudumu linalozunguka na kusukuma maji), ile yenye sahani mbili na mabawa yaliyopinda katikati. Kiini ni kipande kinachowekwa ndani ya kalibu ili chuma kikimiminwa kiache uwazi. Umbo la nje mafundi wa Kariobangi wanalimudu kwa mchanga, tena kwa bei nafuu. Taabu iko kwenye njia za maji za ndani, ambako kigezo cha mbao, yaani umbo la mfano linalozungushiwa mchanga, hakichomoki. Kuchapa kalibu nzima ni kupoteza udongo na moto.

Wazo lenyewe ni la zamani. Emanuel Sachs na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipewa hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) mwaka 1993 kwa njia ya kutandaza unga tabaka kwa tabaka na kudondoshea gundi pale tu panapotakiwa kushikana. Kalibu za kauri za kusubia zilikuwa miongoni mwa matumizi ya mwanzo. Mashine za aina hiyo ni ghali. Kwa kiini kimoja, printa inayosukuma udongo kupitia nozeli ya milimita 2 inatosha, kila tabaka milimita 1.

Mchanganyiko wa kuanzia, kwa uzito mkavu: kaolini (udongo mweupe) 45, unga wa vigae vilivyochomwa 50, vumbi la mbao 5. Chekecha vyote vipite tundu la nusu milimita, la sivyo nozeli itaziba katikati ya kazi. Vumbi la mbao usiliache. Likiungua linaacha vinyweleo, na kiini kinakuwa dhaifu kiasi cha kuvunjika alumini inaponywea ikiganda. Kiini kigumu kama kigae hakikubali kubanwa, kwa hiyo sahani ya impela ndiyo inayopasuka. Kwa sababu hiyohiyo chapa kuta za mistari miwili tu, ndani pabaki wazi.

Kabla ya kuchapa, tengeneza kipande cha majaribio cha milimita 100, kikaushe, kichome, ukipime. Kikibaki 93, gawanya 100 kwa 93 upate 1.075, zidisha kwa 1.013 kwa ajili ya mnyweo wa alumini. Mchoro wako unakuzwa kwa 1.089. Ukibadilisha udongo, pima upya.

Kausha kivulini, pande zote zipate hewa sawa. Juni na Julai, wakati wa baridi, ongeza siku. Kisha shikilia joto la nyuzi 80 mpaka unyevu uishe, kwani kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94. Kati ya 300 na 500 acha tanuri lipate hewa ili mbao ziungue zote. Pita nyuzi 573 polepole, maana chembe za kwatzi (madini ya mchanga) hupanuka ghafla hapo. Maliza kwenye 850. Kiini kilichokaushwa tu bila kuchomwa ni hatari kweli: kaolini hushikilia maji ndani yake mpaka ipite takriban nyuzi 450, na alumini ya nyuzi 720 ikikigusa kiini, mvuke unarusha chuma usoni mwa fundi.

Kiini kina miguu miwili ya kukishikilia: mmoja kwenye tundu la kuingizia maji, mwingine ukiwa duara lote la ukingoni. Toboa njia ya hewa kutoka uwazi wa ndani kupitia mguu hadi nje ya mchanga, na uzibe kiungo kwa udongo ili chuma kisiingie humo. Weka mawe au vyuma vizito juu ya kasha la kalibu ya mchanga, maana kiini ni chepesi kuliko alumini na kitataka kuelea. Ukishakiweka, funga na umimine muda huohuo. Kikilala usiku kucha kwenye mchanga mbichi kitanyonya maji.

Kwa alumini ya kumimina, yeyusha pistoni kuukuu za injini. Zina silikoni nyingi, hivyo hutiririka kwenye mabawa membamba ambako fremu za madirisha hugandia njiani. Ondoa uchafu unaoelea, mimina bila kusita.

Ikishapoa kabisa, gonga kiini kivunjike, chokoa kwa waya, malizia kwa maji ya kasi. Kusawazisha uzito, pachika impela kwenye shafti iliyonyooka juu ya kingo mbili zilizosawazishwa: upande mzito utashuka wenyewe. Punguza chuma nyuma ya sahani upande huo hadi isimame popote unapoiachia.